Sikiliza Kwanza: Mwingereza na Wiki Yake Jijini Meksiko

  Huku kwetu Afrika Mashariki saa yangu inasema saa kumi kamili. Katika Jiji la Meksiko ndiyo kwanza saa moja asubuhi, kwa maana sisi tumewatangulia kwa saa tisa. Watoto wanapelekwa shule, na kwenye kona za mitaa watu wamesimama wakila tamale iliyochomekwa ndani ya mkate. Tamale ni unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta ukapikwa kwa mvuke. Ndiyo, unga ndani ya unga, na mkononi kikombe cha uji mtamu. Akila huo, mtu hana haja ya kuulizwa habari ya njaa hadi alasiri.

Leo tutazungumza kuhusu Mwingereza anayeishi katika jiji hilo. Anaishije siku za kazi? Na Jumamosi ikifika, anakwenda wapi? Tumchukulie mmoja wa mfano, tumwite mwalimu tu, kwa sababu kufundisha Kiingereza ni kazi ambayo Waingereza wengi wameifanya huko. Tuseme amepanga chumba katika mtaa wa Roma, karibu na katikati ya jiji. Atatusindikiza hadi mwisho wa kipindi, lakini hatakuwa peke yake. Tutawakuta pia Waingereza wa kweli waliomtangulia, wengine kwa karibu miaka mia mbili.

Tuanze na masikio. Mgeni anayehamia Jiji la Meksiko huanza kulijua kwa kulisikia.

Asubuhi kengele inalia barabarani. Mgeni anaweza kudhani ni ya kanisa, kumbe ni mtu wa taka, anayetangulia mbele ya gari akitikisa kengele ili watu washuke na mifuko yao. Ukichelewa, gari limepita, na uchafu unalala nawe. Baadaye kidogo sauti ya mwanamume inavuta neno moja refu kama uzi: gesi! Huyo ana mitungi ndani ya lori, na ukimwita anapandisha mmoja begani hadi juu ya paa. Kisha inasikika filimbi ndogo inayopanda na kushuka. Ni mnoa visu, na jiwe lake la kunolea liko kwenye baiskeli. Giza likiingia, linapasuka honi moja kali, mlio wa treni inayolalamika. Ni mkokoteni wa viazi vitamu. Ndani yake kuna jiko la kuni, na mlio ule ni mvuke unaofunguliwa ili jirani ajue viazi vimeiva.

Sauti iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya mtoto. Gari dogo linapita polepole, juu yake kipaza sauti, na sauti ya msichana inaimba orodha: tunanunua magodoro, friji, majiko, mashine za kufulia, maikrowevu, au chuma chochote cha zamani mnachouza. Ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baba yake alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyechoka kupiga kelele mchana kutwa, akampa binti yake kazi ya kusoma orodha mara moja, basi. Wenzake wakainakili, wengine wakainakili kutoka kwa hao, na leo sauti hiyohiyo inapita katika mitaa ya nchi nzima. Msichana mwenyewe amekuwa mtu mzima. Sauti yake ingali ina umri uleule.

Je, haya ni mambo ya juzi? Hapana. Hapa namleta mgeni wetu wa kwanza.

Mwaka 1839, mwezi wa Desemba, mwanamke mmoja mzaliwa wa Edinburgh, Scotland, alishuka melini katika bandari ya Veracruz. Aliitwa Frances, au Fanny, Calderón de la Barca. Mumewe alikuwa balozi wa kwanza wa Hispania katika Meksiko huru. Fanny alikaa kama miaka miwili, akiandikia ndugu zake barua, na barua hizo zikawa kitabu mwaka 1843. Katika mambo aliyoyaandika kwa kirefu ni kelele za wachuuzi wa barabarani, tangu alfajiri hadi usiku. Muuza makaa alifungua siku. Wakafuata wa siagi, wa nyama kavu, wa mikeka, wa vikate vya moto, wa tiketi za bahati nasibu. Kulikuwa na mwanamke aliyesimama mlangoni akiuliza kama jikoni kuna mafuta yaliyobaki, ayanunue. Yeye hakuwa na kitu cha kuuza, alinunua. Mnamsikia ndani yake yule msichana wa vyuma chakavu?

Na jioni, aliandika Fanny, alipita mwanamke akiuza bata waliopikwa, moto moto. Bata hao walitoka kwenye maziwa yaliyolizunguka jiji. Leo maji hayo karibu yote yamekauka au yamekaushwa, na mwito wa bata umekwisha pamoja nayo. Wahistoria wana kazi hapo: ukitaka kujua jiji limepoteza nini, tafuta sauti ambazo hazilii tena.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu, ambaye amekwisha kuamka na anataka chai. Mwingereza bila chai ni mgonjwa. Lakini jiji hili liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 92 au 93 hivi, hayafiki mia. Wasikilizaji wa Njombe, wa Limuru, na wa Bukavu mnaelewa, maana maharage yenu yanajua habari hiyo. Majani ya chai hayatoi rangi ile aliyoizoea kwao. Akienda mgahawani akaagiza chai, anaweza kuletewa maua ya kamomili ndani ya maji ya moto, kinywaji wanachopewa huko wenye tumbo baya. Maziwa akiyaomba, mhudumu anamtazama kwa huruma.

Ndipo wengi wanapohamia kahawa. Iko ile inayochemshwa kwenye chungu pamoja na mdalasini na sukari guru, na mtu akishaizoea, chai inabaki ya kumbukumbu na ya siku za mvua.

Mlo mkubwa wa siku nao hauko pale alipouacha. London saa saba mchana mfanyakazi anatafuna sandwichi mbele ya kompyuta. Jijini Meksiko watu hula kati ya saa nane na saa kumi, nao wanakaa chini. Katika vimgahawa vya mitaa kuna mlo wa bei moja: supu, kisha wali au tambi, kisha kitoweo, pamoja na jagi la maji ya matunda, na tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi, zinazoletwa zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa. Mtu asiyekujua, akiingia au akitoka, anakutakia chakula chema. Kwetu sisi anayekula ndiye anayemwambia mpitaji karibu. Kule mpitaji ndiye anayemsalimu mlaji. Mwingereza, aliyelelewa asimsemeshe mtu asiyemjua hata kwenye lifti, huona haya mwanzoni. Baada ya miezi michache anawatakia heri meza nzima, tena kwa sauti.

Na mara moja kwa wiki barabara ya jirani inafungwa, linaota gulio. Maturubai ya rangi yanafungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na barabara inageuka hema refu. Muuza maembe anakata kipande anakupa uonje kabla hujauliza bei. Ukinunua vya kutosha, nyongeza unaitarajia, na ukiikosa una haki ya kununa. Wanawake wa makamo wanamwita mwalimu mwanangu, wakati mwingine wanamwita mweupe, na hilo si tusi, maana humwita hivyo hata mteja wa hudhurungi kabisa. Gulio la namna hii ni la zamani kuliko Wahispania. Walipofika mwaka 1519 walikuta masoko makubwa yaliyopangwa kwa safu, kila bidhaa na mahali pake.

Wasikilizaji, nimesema mengi kuhusu kelele. Sasa niseme kuhusu kimya.

Jiji la Meksiko limejengwa juu ya ziwa. Waazteki walijenga mji wao kisiwani, Wahispania wakauteka mwaka 1521, na karne zilizofuata maji yakaondolewa kidogo kidogo. Chini ya majengo umebaki udongo laini wa ziwa, na tetemeko linapotokea mbali, udongo huo unayakuza mawimbi yake. Ndiyo sababu tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, mamia ya kilomita kutoka hapo, liliua maelfu ya watu jijini. Mtaa wa Roma uliumia vibaya.

Baada ya hapo wakatengeneza mfumo wa tahadhari. Vipimo viko karibu na pwani, na tetemeko likianza huko, habari hukimbia kwa redio haraka kuliko mawimbi yanavyokimbia ardhini. Kwa matetemeko ya pwani, jiji hupata kama dakika moja. Vipaza sauti kwenye nguzo za barabarani vinalia mlio ambao hakuna mkaazi anayeuchanganya na mwingine. Mwalimu wetu hufundishwa jambo hilo wiki ya kwanza, kabla ya habari ya mishahara: ukiusikia, acha kila kitu, shuka. Wengine hulala na viatu karibu na kitanda na funguo mlangoni.

Kila mwaka, tarehe 19 Septemba, nchi hufanya zoezi la kukumbuka. Mwaka 2017 zoezi lilifanyika saa tano asubuhi, watu wakatoka ofisini, wakataniana, wakarudi. Saa saba na robo mchana ardhi ikatikisika kwelikweli. Tetemeko la safari hii lilianzia karibu, nchi kavu, na mlio wa tahadhari ukafika karibu sawa na mtikisiko wenyewe. Watu zaidi ya 200 walifariki jijini.

Mnajua walivyowatafuta waliofukiwa? Kwa masikio. Watu walipanga mstari kupokezana ndoo za kifusi, malori na jenereta yakinguruma, kisha mwokoaji mmoja juu ya rundo akainua ngumi. Aliyemwona akainua yake, na wa nyuma yake hivyo hivyo, hadi mwisho wa barabara. Injini zikazimwa. Hakuna aliyesogea. Mamia ya watu walisimama kimya ili mtu mmoja aweze kusikia kama chini ya zege kuna anayegonga. Ngumi zikishuka, kazi ikaendelea. Katika jiji ambalo huwezi kulala mchana kwa sababu ya muuza gesi, ishara hiyo ilitiiwa papo hapo, na wageni waliokuwepo waliinua ngumi pamoja na wenyeji.

Tuendelee. Habari za karatasi nitazipita haraka, kwa kuwa foleni ya idara ya uhamiaji inafanana dunia nzima. Mwingereza anaweza kuingia Meksiko kama mtalii bila viza na kukaa hadi siku 180. Akitaka kufanya kazi na kukaa, anahitaji kadi ya ukaazi wa muda, ambayo kwa kawaida humfikisha hadi miaka minne, na baadaye anaweza kuomba ya kudumu. Kadi hiyo ina faida moja tamu: Jumapili raia na wageni wakaazi huingia bure katika makumbusho ya taifa. Mtalii analipa, mwalimu anapita.

Lakini kuna jambo la kodi ya nyumba ambalo halitakiwi kupitwa haraka. Tangu janga la korona, watu wengi kutoka Marekani na Ulaya wamehamia Roma na mtaa jirani wa Condesa na kompyuta zao, wakilipwa kwa dola au pauni, wakiishi kwa peso. Nyumba nyingi zikageuzwa za kupangisha watalii kwa siku. Wenyeji waliozaliwa hapo wakajikuta wanaambiwa kodi mpya wasiyoiweza. Tarehe 4 Julai 2025 watu waliandamana katika mitaa hiyo kupinga, na maduka kadhaa yalivunjwa vioo. Mwalimu anayelipwa peso na shule ya hapo atasema hayo si yake, yeye anabanwa na kodi ileile. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mwenye nyumba anapomwona mgeni mlangoni, hamuulizi kwanza analipwa kwa fedha gani. Na muuza viazi vitamu hafuati mtaa ambao wakaazi wake hubadilika kila wiki. Nani atamsikiliza?

Katika mtaa huohuo wa Roma, barabara ya Chihuahua, aliishi Mwingereza mwingine kwa miongo mingi. Leonora Carrington alizaliwa Lancashire mwaka 1917, binti wa tajiri wa viwanda vya nguo. Vita vya Ulaya vilimtenga na mpenzi wake, mchoraji Max Ernst, vikamfikisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Hispania. Aliokolewa na ndoa ya kusaidiana na Renato Leduc, mshairi na mwanadiplomasia wa Meksiko. Alifika Meksiko mwanzoni mwa miaka ya 1940. Akaolewa na mpiga picha Mhungaria, Emerico Weisz, akazaa wana wawili, akapika, akachora. Picha zake zina viumbe wenye vichwa vya ndege, majiko, na mayai makubwa. Aliaga dunia mwaka 2011, akiwa na miaka 94. Mwaka 2024 picha yake moja iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 28. Nyumba zilimochorwa kazi zake nyingi ni nyumba ya kawaida, mlango wake unafunguka barabarani wanakopita akina gesi na akina taka.

Haya, wiki imekwisha. Jumapili Barabara ya Reforma hufungwa kwa magari tangu asubuhi hadi mchana, utaratibu ulioanza mwaka 2007, na familia nzima zinaendesha baiskeli pale ambapo jana ungegongwa. Asiyetaka jasho huenda Xochimilco, kusini, mahali ambapo mabaki ya ziwa la zamani bado yapo. Anapanda mashua bapa iliyopakwa rangi, ananunua vyakula kutoka mashua nyingine, na bendi ya mariachi inakuja yenyewe kwa mashua yake na kudai malipo kwa kila wimbo.

Lakini safari ninayotaka kuwapeleka ni ya kaskazini-mashariki. Basi linamfikisha mwalimu Pachuca, mji mkuu wa jimbo la Hidalgo, kwa saa moja na nusu hivi kama foleni ni nzuri. Kisha daladala ndogo inapanda milimani, baridi inaingia dirishani, misonobari inaanza, na ukungu. Anashuka mahali panapoitwa Real del Monte, zaidi ya mita 2,600 juu. Mapaa ni ya mteremko mkali. Kibanda cha kwanza anachokiona kinauza chakula cha kwao. Vipi tena?

Sikilizeni hadithi hii. Milima hii ilikuwa na madini ya fedha tele, na Wahispania waliichimba kwa karne. Wachimbaji wa hapa waligoma mwaka 1766, mgomo unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza katika bara la Amerika. Vita vya uhuru vilipokwisha, migodi mingi ilikuwa imejaa maji. Mwaka 1824 matajiri wa London wakaunda kampuni, na wakatafuta watu wanaojua kukausha migodi. Hao walikuwa wa Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, mabingwa wa migodi ya bati na shaba, na wenye injini za mvuke za kuvuta maji.

Walifika mwaka 1825. Ngome ya bandari ya Veracruz ilikuwa bado mikononi mwa Wahispania, basi wakashusha mizigo ufukweni, kusini ya mji: karibu tani 1,500 za chuma, katika majira ya mvua na homa ya manjano. Wengi walifia pale pale mchangani. Waliobaki, pamoja na wenyeji na nyumbu, walivuta mitambo ile kutoka baharini hadi milimani, na ni mwaka 1826 ndipo ilipofika. Injini zilifanya kazi. Maji yalitoka. Faida haikutoka. Mwishoni mwa miaka ya 1840 kampuni ilifilisika, migodi ikanunuliwa na kampuni ya Wameksiko, ambao walikuta mshipa mzuri wa fedha muda si mrefu baadaye. Kichekesho cha uchungu kwa wale wa London.

Lakini watu wa Cornwall wengi walibaki, na wengine wakaendelea kuja karne nzima. Fanny naye alifika huku mwaka 1840, akapokewa na Waingereza wa migodi.

Na chakula? Mchimbaji wa Cornwall alikuwa akishuka shimoni na andazi kubwa la unga wa ngano lililofungwa nyama, viazi na vitunguu, ukingo wake umesokotwa ili mkono mchafu upate pa kushika. Ni sambusa iliyokwenda jeshini, ikanenepa na kuokwa. Huko Hidalgo wanaiita paste, na wapishi wa Meksiko waliipokea wakaitia pilipili. Halafu wakaitia maharage, kuku wa nyanya na pilipili, na mole, ule mchuzi mzito wa pilipili kavu, viungo na kakao. Halafu ya nanasi. Halafu ya wali wa maziwa. Mwalimu wetu anauma ya mole akiwa amesimama kwenye ukungu, anajua hii ni ya kwao, na anajua kwao hajapata kuila. Kuna makumbusho ya paste mjini hapo, na kila mwaka mwezi wa Oktoba tamasha lake. Mwaka 2014 mwana wa malkia, Charles, ambaye leo ni mfalme wa Uingereza, alikuja na mkewe Camilla, wakaonjeshwa.

Juu ya mji, kati ya miti, yako makaburi ya Waingereza, mamia yao. Yameelekezwa upande wa Uingereza. Waongozaji husimulia kwamba moja tu ndilo limegeuka upande mwingine, la mchekeshaji wa sarakasi, aliyetaka kuwachekesha watu hata akiwa marehemu. Mimi hadithi za waongozaji huwa nazipokea kwa tabasamu na kuacha mlango wazi. Majina kwenye mawe yanasomeka Kiingereza, mahali pa kuzaliwa ni Cornwall, na baadhi ya wajukuu wa wajukuu wao wako hapo chini, wakiuza paste kwa Kihispania.

Hatujamaliza. Saa za mapumziko vijana wa migodi walicheza kandanda, na kutoka kwao ikazaliwa klabu ya Pachuca, miongoni mwa za kwanza kabisa nchini. Ligi ya kwanza, ya msimu wa 1902 na 1903, ilichukuliwa na Orizaba, timu yenye asili ya Waskoti wa kiwanda. Orizaba imebaki kwenye vitabu. Pachuca bado ipo, jina lake la utani ni mafuko, wale wanyama wanaochimba chini ya ardhi, na mwaka 2006 ilitwaa Copa Sudamericana, kombe la Amerika ya Kusini ambalo hakuna klabu nyingine ya Meksiko iliyolipata. Wachezaji wa Kiingereza hawamo tena. Mafuko wamebaki.

Akiwa na muda, mwalimu anasogea hadi Huasca, kwenye bonde lenye nguzo za mawe zenye pembe, zilizosimama bega kwa bega kama zimechongwa, kumbe ni lava iliyopoa. Mjerumani Alexander von Humboldt alizichora alipopita mwaka 1803.

Je, akipata siku tatu? Sheria ya mwaka 2006 ilihamishia baadhi ya sikukuu Jumatatu, kwa hiyo wikendi ndefu zipo. Ndipo watu hufunga safari ya Xilitla, katika jimbo la San Luis Potosí, mwendo wa saa saba au nane barabarani, kutoka nyanda za baridi hadi msitu wa joto. Huko Mwingereza tajiri, Edward James, rafiki na mfadhili wa Leonora Carrington, alikuwa amepanda maelfu ya okidi. Mwaka 1962 sakitu ikaziua. Akaamua kupanda maua ambayo baridi haitayaweza, ya zege. Kwa miaka zaidi ya ishirini, pamoja na rafiki yake Plutarco Gastélum na mafundi wengi wa hapo, alisimamisha nguzo, matao, na ngazi zinazopanda hadi hewani zikaishia hapo. Mafundi seremala walitengeneza kwa mbao maumbo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, kisha zege ikamiminwa ndani. James alifariki mwaka 1984, kazi haijakwisha. Msitu umeanza kuichukua: kuvu, mizizi, maji ya maporomoko. Wanaoitunza leo wanabishana na unyevu kila mwaka, na wageni huingia kwa zamu, kwa kuwa ngazi nyingi hazina kitu cha kushika.

Mwalimu akitoka Xilitla Jumatatu mchana, anaingia jijini usiku, na kesho yake ana darasa saa moja asubuhi.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutakuwa na mgeni studioni atakayezungumzia magulio yetu wenyewe.